Vijidudu vya Kisima cha Manyamanyama

Jamani, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Bunda, na kila asubuhi nakandaga maandazi ya kuwauzia wenzangu kazini. Majuzi nilipima maji ya kisima cha Manyamanyama. Kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu yakaota madoa meupe. Nikapiga kelele kisima kifungwe, kikafungwa, akina mama wakaanza kufuata maji mbali.

Bosi hakuridhika. “Bonyeza kidole chako kwenye sahani mpya.”

Nikabonyeza kwa maringo.

Siku mbili baadaye akaniita kwenye darubini. Kidole changu kilikuwa kimeotesha madoa yaleyale!

“Mama Neema,” akasema, “kisima ni kizima. Hii ni hamira ya maandazi yako.”

Nyuma yangu wenzangu wote wakaacha kutafuna.