Nyumba Zilizogombana

"Hizi nyumba zimegombana au?" Mzee Adelino alikuwa anagonga ukuta wa mgahawa wake kwa bakora. "Muulize, mbona kila moja imekimbilia kona yake?"

Nikamtafsiria Égide. Shule niliacha mapema, lakini Kiingereza cha mtaani ninacho. Huyu mzee ni Mreno wa hapa mtaani Rosettenville, alitaka achorewe ukutani kijiji alichozaliwa kule Ureno, juu ya kilima. Égide ni Mrundi mwenzangu, tunalala chumba kimoja. Miaka sita analinda magari ya watu nje ya supamaketi. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya brashi kupewa tangu aje Joburg. Ikiharibika, ni magari tu mpaka azeeke.

Na kweli ameiharibu. Kwetu Burundi, kilimani kila mtu na nyumba yake peke yake, migomba imeizunguka, jirani unamwita kwa kupiga kelele. Mkono wake ukachora hivyo hivyo.

"Kwetu nyumba za mawe zimeegemeana kama walevi," mzee akasema. "Zina miaka mia saba. Njia nyembamba, punda akipita na kuni zinakwangua kuta pande zote. Mama akikaanga vitunguu, kijiji kizima kinajua. Na boma la mawe limetuzunguka wote, tangu vita vya wafalme."

"Sasa migomba wanapanda wapi?" Égide akaniuliza.

"Migomba gani? Theluji inaanguka pale! Futa yote!" mzee akafoka nilipomtafsiria.

Égide hakubisha. Siku hizi habishani na mtu. Akachukua rola, akaanza kupaka nyeupe. Ikaenda nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Kufika ile ya juu kabisa, rola ikasimama.

"Hiyo ya nani?" mzee akauliza.

"Ya mama."

"Yuko hai?"

"Sijui."

Mzee akavuta kiti, akakaa, akahema. "Iache. Hizo zingine ziegemeze hapo kwake. Anza kesho."

Nikatafsiri. Égide akauangalia ukuta weee.

"Eish. Mama mwenyewe hapendi majirani," akasema. "Haya, mwambie sawa."

Ilikuwa karibu saa tatu asubuhi, na Jumamosi watu wanawahi kununua. Akajifuta mikono kwenye suruali, akavaa kizibao chake cha njano, akatoka kwenda kulinda magari.