Siku Niliyozeeka Miaka Kumi na Mitano

Nianze kwa kukiri kwamba aibu hii niliipika mwenyewe, sikupikiwa na mtu. Mke wangu huisimulia harusini, huisimulia hata matangani, na kila akiisimulia anaongeza chumvi, nikaona heri niieleze mwenyewe nikiwa bado naikumbuka vizuri (na hilo la kukumbuka ndilo lililoniponza, mtaona).

Miaka ile gesi ndiyo kwanza imegunduliwa, mji wetu wa Palma wote umepata wenge, kila mtu anatafuta mlango wa kuingilia kambi ya gesi Afungi, na kambi inataka madereva wasiozidi miaka arobaini. Mimi nilikuwa na hamsini na moja. Bilyete yangu, yaani kitambulisho, ilipotea zamani, basi nilipokwenda kuandikisha mpya nikataja mwaka wa kuzaliwa wa mdogo wangu wa mwisho, nikatoka pale kijana wa miaka thelathini na sita, nikapaka piko kichwani kuficha mvi, nikapata kazi. Nikaanza kujenga nyumba ya matofali. Nusu nimeshaezeka mabati, nusu nasubiri mkataba uongezwe, na mkataba ulikuwa unaisha mwezi uleule.

Siku moja shefe wetu, yaani mkuu wa magari, akaniambia niwapeleke kijiji cha Mute watafiti waliokuja kuchunguza uzee, unaufanya nini mwili, unaifanya nini akili, kwa nini huyu anasahau na mwenzake hasahau. Mkubwa wao alikuwa daktari mmoja wa Mocímboa, tukimwita dotora, mama mpole, Kiswahili chake kina Kimwani ndani. Kwenye shule ya kijiji wazee wakaketishwa darasani na vijana wachache wakaketishwa barazani, ili walinganishwe. Kijana mmoja hakutokea. Dotora akanigeukia.

"Kaka dereva, una miaka mingapi?"

Ningeweza kusema nalinda gari. Ningeweza kusema tumbo linanisokota. Lakini uongo ukishauzoea hauombi ruhusa, mdomo ukatangulia: "Thelathini na sita, dotora."

"Vizuri sana. Keti."

Akanisomea maneno kumi, niyasikilize, nitaulizwa baadaye. Kisha nikapewa chuma cha kuminya, cha kupima nguvu ya mkono, nikaminya mpaka masikio yakapata moto na mshale ukapanda kidogo ukachoka. Kisha nivue viatu, nifumbe macho, nisimame kwa mguu mmoja (kidole gumba kinachungulia kwenye soksi, na Mute nzima iko uani inatazama). Kijana wa pembeni kasimama wima kama mwimo wa mlango, mimi nikapepesuka, nikamdaka yeye, tukaenda chini wote wawili. Wakanipima presha, wakarudia, wakatazamana.

"Haya, yale maneno kumi?"

Nikapata matatu. Ndizi, mbuzi, mkeka. Mengine yote yalikuwa yamefutika, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kalamu yake tu, anaandika nini huyu, anaandika nini.

Dotora akavua miwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, kwenu kuna mtu aliyezeeka kabla ya wakati wake? Kwa mtu wa miaka thelathini na sita, namba hizi zinanitisha."

Jamani, hapo ndipo hofu ya kweli iliponiingia. Ndiyo, najua mimi si wa thelathini na sita, lakini je, hizo namba ni za hamsini na moja au ni za themanini? Labda kweli ninaumwa! Swali moja tu lingeniponya, na swali hilohilo lingenifukuzisha kazi. Nikajaribu kulipitisha mlango wa nyuma.

"Dotora, kwa mfano tu, nina baba mdogo, ana hamsini na moja. Yeye angepata namba kama hizi?"

"Huyo angekuwa mzima kabisa, ningemwambia apunguze chumvi tu. Lakini sisi tunazungumza habari zako wewe."

Mzima kabisa! Nilifurahi hata nikacheka, nikacheka peke yangu, nikashindwa kujizuia. Dotora akanitazama kwa huruma, akaandika na kile kicheko. Kisha akampigia simu shefe: dereva wako ni mgonjwa, asiguse usukani, na uje na mtu wa nyumbani kwake, huenda tukampeleka hospitali kubwa ya mkoa, Pemba.

Saa nzima nimelazwa kwenye mkeka barazani, mama mmoja nisiyemjua ananipepea na kanga yake, wengine wanasema masikini bado kijana. Gari la shefe likafika. Mke wangu, Mama Zaina, akashuka kabla halijasimama.

"Baba Zaina! Unaniachia wajukuu wanne nilee na nani mimi?"

Shefe akageuka polepole. "Wajukuu?"

Nikambinya mke wangu mkono. Naye mambo ya bilyete anayajua, akameza kilio. "Wajukuu wa… wa jirani," akasema, halafu akalia zaidi.

Huenda tungeponea hapo. Lakini mle darasani mtafiti mwingine alikuwa anakadiria umri wa wazee, na kwa kuwa wengi hawana karatasi, anawauliza mambo: ulipoolewa kulikuwa na nini, ulipoingia jandoni kulitokea nini. Na aliyekuwa anaulizwa ni Bakari. Bakari! Niliingia naye jandoni, akaoa huku Mute akabaki kulima, miaka sijamtia machoni. Sauti yake ikaja mpaka barazani.

"Mwaka ule bendera ya Mreno ilishushwa sisi vidonda havijakauka. Tuliingia tisa. Waliobaki ni mimi, na Sefu, na… ebo! Si Shomari yule pale kwenye mkeka?" Akatoka mbio, akanikumbatia, akawageukia watu. "Huyu ngariba wetu mmoja, kisu kimoja! Mimi wa tatu, yeye wa nne, na alilia kuliko huyo mama hapo!"

Hata Mama Zaina aliacha kulia. Shefe anahesabu kwa vidole miaka tangu Mreno aondoke, mkono wa kwanza ukaisha, akahamia wa pili.

Dotora ndiye aliyeanza. "Kwani una miaka mingapi, kaka?"

"Hamsini na moja," nikasema.

"Alhamdulillahi!" akasema dotora, mama wa watu, machozi yanamlenga. "Basi huumwi!"

Kwa muda mfupi sikujali kitu kingine chochote duniani. Kisha nikaona mkono wa shefe umenyooka mbele yangu.

"Ufunguo," akasema.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaruka kutoka kwenye mkeka nikapiga kelele: "Ufunguo! Dotora, ufunguo! Ndilo neno la pili! Ndizi, ufunguo, mvua, kofia, mbuzi, sindano, mkeka, soko, moto, barua!" Yote kumi, bila kukosea. Watu wakaangua kicheko, Bakari akapiga makofi, hata shefe alicheka, lakini mkono wake haukurudi.

Wakanihamishia benchi la wazee nimalizie maswali. Kurudi Palma nilikaa nyuma kama mzigo, na tulipokuwa tunaingia mjini Mama Zaina akanigeukia. "Zaina ana miaka ishirini na minane," akasema. "Ulimzaa una minane, mwanamume wewe?"

Siku hizi ukiniuliza umri nakutajia kabla hujamaliza swali. Piko nimeacha, kichwa cheupe. Naendesha lori la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Mtwara, wala hakuniuliza miaka yangu, mimi ndiye niliyemng'ang'ania nimwambie. Maneno yale kumi sijayasahau hata moja, na lile la tatu, mvua, ndilo linalonikaa kichwani zaidi, kwa sababu nusu ile ya nyumba haijaezekwa mpaka leo, na ikinyesha tunahamisha vitanda.