Mlango wa Hewa Bora

Mume wangu alipofariki aliniachia ateliye, karakana ya kuchomea vyuma. Mdomo mkali nilikuwa nao tangu zamani.

Mwaka huo nilikubali kumpokea mfungwa mmoja, aliyeiba nyaya za shaba kiwandani. Gereza lilimruhusu atoke asubuhi kuja kufanya kazi kwangu, mradi saa kumi na moja jioni awe amerudi. Akichelewa mara moja tu, ruhusa imekwisha. Siku ya kwanza nilimwambia akinigusia hata msumari atanijua mimi ni nani. Akaitika ndiyo mama, akavaa miwani, akaanza kuchomea. Haki ya Mungu, sijaona mkono kama ule.

Kwetu aliyetengeneza mlango ndiye anayeenda kuusimika. Mteja wa mtaa wa Hewa Bora, mzee mstaafu wa reli, alipofuata mlango wake akauliza fundi yuko wapi. Niliogopa kumwambia ni mfungwa. Nikasema anaumwa, nikatuma wengine. Fundi mwenyewe alikuwa nyuma ya turubai, hatua tatu tu, anasugua kutu kwa brashi ya waya. Brashi ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Nikajipa moyo kwamba hakusikia.

Wiki haijaisha, mzee huyo amerudi. Mlango unakwaruza chini, kitasa hakishiki, na anamtaka aliyeutengeneza, si mwingine. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamweleza yote, hadi zile nyaya, na mwenyewe amesimama pale pale ameinamisha kichwa. Mzee alimtazama weee, halafu akasema twende.

Huko kwake mzee hakuketi hata kidogo, alimsimamia kazi nzima. Mimi macho kwenye saa. Bawaba zilipokaa sawa, mzee akatoa ufunguo mfukoni, akampa.

"Jaribu weye wa kwanza."

Akafunga, akafungua, akafunga tena. Akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili.

Tulirudi mbio, nikimfokea dereva wa taksi ambaye hakuwa na kosa lolote. Tukafika gerezani dakika chache kabla ya saa. Nilitaka kumsifu, kumwambia najivunia kazi yake, lakini mimi mwenye mdomo nikaishia kumfokea akimbie. Alipofika kwa mlinzi akageuka.

"Mama," akasema taratibu, "siku ingine usiseme tena niko mugonjwa."