Sweta Mbili Juani

Jua la Malaba halina huruma, nami nilikuwa nimevaa sweta mbili. Tezi yangu ya shingo ilikuwa imelala, na mwili haukupata joto. Daktari alisema nitameza vidonge kila asubuhi hadi kaburini. Wiki tatu sikumeza hata kimoja. Vilikuwa vimeisha, na nguvu ya kwenda kuvitafuta sikuwa nayo. Kutwa nilizunguka chumbani, kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, nikilia bila msiba. Siku hizi wanaita sonona. Majirani waliita uvivu, na mimi, kusema kweli, niliwaunga mkono.

Siku hiyo nilijikokota, maana vidonge vyenyewe nilikuwa nikivipata Tororo, ng'ambo ya mpaka. Nilipita foleni ya malori, nikafika katikati ya daraja, nikajiuliza navitafutia nini. Nikageuka. Upande wetu, askari wa kike wa forodha akanisimamisha.

"Mama, umevaa vitenge ngapi huko ndani?"

Lilikuwa swali la haki. Wanawake walivuka na vitenge vinne chini ya gauni, wakitembea kama wajawazito wa miezi tisa.

"Hakuna."

"Basi toa hiyo sweta."

Kibandani mwake nilivua ya kwanza, ya pili, kisha leso. Hakukuwa na magendo, ni mimi tu na unene wangu. Alinigusa mkono, akashtuka.

"Mbona uko baridi hivi na ni saa saba?"

Nikalia. Nikamwambia yote: tezi, vidonge, daraja. Nikamwambia kila asubuhi naona heri nisingeamka. Hata dada yangu niliyekaa naye sikuwa nimemwambia hilo.

Hakunibembeleza. Alinifunga vifungo, akakosea kimoja, akaanza upya.

"Rudi ulete hiyo dawa. Mimi niko hapa mpaka jioni. Lazima nione."

"Na nisiporudi?"

"Nitakutafuta, mama. Malaba ni kadogo."

Nilienda kwa hasira, huku nikimtukana kimoyomoyo. Nikarudi na chupa ya vidonge. Akaitikisa, akasikiliza, akaniambia nipite, na ya mwezi ujao pia ataiona.

Mwezi uliofuata vidonge vilipokaribia kuisha, nilikuwa nimelala nimeukazia macho mlango. Sikuwa na hamu ya kupona, nasema ukweli wa Mungu. Lakini mpakani kulikuwa na mtu anayengoja kuona chupa. Nikaamka, nikavaa sweta moja.