Mafuta ya Alizeti kwenye Spika ya Shangazi

Spika ya kwanza niliyopewa baada ya kufungua kibanda changu hapa Kiomboi, niliiua kwa mafuta ya alizeti. Nasema niliiua kwa sababu siwapendi mafundi wanaosema "iliharibika", kana kwamba chombo kilijiharibu chenyewe.

Ilikuwa ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, na redio yake ya sanduku la mbao ndiyo iliyobaki kumletea habari za dunia. Karatasi ya spika, ile inayotikisika sauti ikatoka, ilikuwa imekaushwa na upepo wetu wa kiangazi mpaka ikaanza kupasuka pembeni. Redio ikawa inakwaruza tu.

Mimi nimekulia kwa wafugaji. Kwetu ngozi ikikakamaa inapakwa mafuta, inalainika. Nikajiambia, kama dawa ya ngozi ni hiyo, karatasi ina ujeuri gani? Nikaziba nyufa kwa vipande vya gazeti na uji wa mtama, kisha nikaipaka mafuta mbele na nyuma, bila ubahili.

Nilipompelekea, shangazi aliiwasha, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu. "Imepona, mwanangu. Mungu akubarikie mikono." Akanipa na kuku. Nilirudi kibandani kifua mbele, na wiki ile nilijiita fundi mbele ya kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Baada ya mwezi hivi nilipita kwake kumsalimu. Nilimkuta ameegemeza sikio kwenye sanduku. Ndani yake mtu alikuwa anaongea kama aliyejaza ugali mdomoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

"Wanasemaje leo redioni?"

"Wanasema salama."

"Na mvua je?"

"Mvua nayo wameitaja."

Nikafungua sanduku. Karatasi ilikuwa imelegea kama chapati ya jana, na panya walikuwa wameshaonja viraka vyangu vya uji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama wa watu alikuwa gizani kwa mikono yangu, na kuku wake nilikuwa nimeshamla.

Nilizunguka siku tatu nikitafuta spika mbovu yenye karatasi nzima, nikaipata Iguguno kwa muuza vyuma chakavu. Safari hii sikujifanya mjuaji. Nilibandua karatasi yake taratibu, nikaihamishia kwenye spika ya shangazi, nikaizimua gundi nyeupe ya mbao kwa maji mengi, nikapaka ukingo mara moja tu kwa brashi laini. Nikaiacha kivulini siku nzima bila kuigusa.

Nilipoiwasha mbele yake, sauti ya mtangazaji ilitoka safi, hata kuvuta pumzi kwake kukasikika. Nikapiga magoti.

"Shangazi, ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ndiyo kwanza ulikuwa umefungua kibanda. Ningesema, ungeshika tena bisibisi?"

Chakula ninachokula leo kinatokana na kazi ile, na ni yeye aliyeilinda isife. Nikaanza kumwomba msamaha, nikamshukuru, nikarudia kuomba, maneno yakawa marefu. Akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

"Basi nyamaza, nisikie habari. Nimezikosa mwezi mzima."