Jeneza la Mama

Baba alibebwa kwa jeneza bovu. Mti mmoja wa kubebea ulikuwa umelegea kitambo, na kila mtu pale mtaani kwetu Barani alijua, lakini jeneza la msikiti halina mwenyewe: hukumbukwa siku ya maiti, likisharudishwa husahauliwa. Kwenye kona ya msikiti likainama, baba akasogea ndani ya sanda, ikabidi watu wamdake. Mama asingejua, maana wanawake hawaendi makaburini, ila ami yangu hajui kufunga mdomo. Alimhadithia siku ya hitima, huku akila pilau.

Neno lile lilimkaa mama moyoni. Eda ilipokwisha akauza bangili zake, akaagiza kwa fundi jeneza jipya la chuma chepesi, akaliweka wakfu msikitini kwa ajili ya baba. Sadaka jaria, alisema: kila likibeba mtu, thawabu inamfikia baba kaburini, na haikatiki. Wengine huchimba visima, wengine hutoa misahafu. Sisi tukawa watu wa jeneza.

Mwanzoni nilijivuna. Kisha nikaanza kumsikiliza mama kila kipaza sauti cha msikiti kilipotangaza tanzia. Alisema inna lillahi, akauliza ni nani, akawasikitikia watoto wa marehemu kwa dhati. Halafu, akirudi kwenye nazi aliyokuwa akikuna, alisema polepole, "Leo baba yako amefikiwa." Mwenye kisima hufurahi akiona watu wanakunywa maji. Mwenye jeneza afurahie nini? Sikuthubutu kumuuliza.

Mtaa nao ulikuwa ushajiuliza. Jeneza walikuwa wameshaliita kwa jina la mama, na yeye, maskini, alidhani ni heshima.

Mwaka jana mume wa shoga yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliugua. Mama akawa anampelekea uji kila asubuhi. Siku moja akarudi na bakuli likiwa limejaa vilevile. Aliketi kwanza, akalisogeza mbali, ndipo akanieleza kwamba shoga yake alimzuia mlangoni.

"Kaniambia, 'Nisamehe, shoga yangu. Kila ukija, mgonjwa wangu hugeukia ukutani. Asema waja kumpima.'"

Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia jirani, nikamkasirikia mgonjwa mwenyewe, nikamkasirikia hata ami na mdomo wake. Mama hakumkasirikia mtu. Alasiri ile nilimsikia kwenye mswala akiomba jeneza likae bila kazi, lisibebe mtu yeyote wa mtaa ule, hata kama baba hatafikiwa na kitu. Nilijua alivyompenda baba, na nilijua anachokitoa.

Mgonjwa akafariki. Wenyewe hawakulitaka letu. Walilitoa lile bovu lililokuwa limeegemezwa nyuma ya msikiti, wakalipangusa vumbi, wakaufunga mti uliolegea kwa kamba. Nilikwenda kuzika nami. Jipya lilikuwa pale pale kwenye varanda, limefunikwa kitambaa chake cha kijani, na sote tukalipita tukitazama mbele.

Niliporudi nilimkuta mama uani. Hakuwa amekwenda kukaa na wanawake wenzake msibani. Aliogopa kurudishwa mlangoni mara ya pili, tena mbele ya watu.

"Liliinama?" akauliza.

"Liliinama, mama. Kwenye kona ile ile."

Akajifunika uso kwa leso, akalia. Sikujua anamlilia mume wa shoga yake, au baba, au lile fungu la thawabu la baba lililopita nje ya mlango wetu bila kuingia. Safari hii nilimuuliza.

"Sijui, mwanangu," alisema ndani ya leso. "Huko kutojua ndiko kunakoniliza."