Dawa ya Maharage Ndani ya Mtumbwi wa Rubisi

Kila msimu wa maharage natoka kwetu Isingiro, upande wa Kyerwa, nakwenda Rugera kufanya kazi kwenye shamba la pamoja. Ni shamba la kikundi cha familia kadhaa, na halijawahi kuonja mbolea ya dukani wala dawa ya chupa. Sisi wa msimu tunapalilia, tunatandaza nyasi, na wadudu wakija tunatengeneza dawa wenyewe.

Watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya wataalamu. Usiogope. Anayeweza kupika mboga anaweza kutengeneza dawa hii: mkojo wa ng'ombe uliokaa, pilipili kichaa iliyotwangwa, majivu ya jikoni na maji. Unafunika, unaiacha siku chache, unachuja, kisha unanyunyizia asubuhi umande ukishakauka. Ukikosea kipimo mara ya kwanza, majani yatakuonyesha, na mara ya pili utapatia.

Shida yake ni chombo. Msimu uliopita vidukari weusi walivamia maharage yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na pipa letu la plastiki lilikuwa limepasuka. Mwenyekiti wetu, mama mcheshi asiyependa kukosa jibu, alipotelea migombani, akarudi na vijana wawili wamebeba obwato.

Obwato ni gogo lililochongwa katikati mfano wa mtumbwi. Ndimo tunamokamulia ndizi mbivu kwa miguu, pamoja na nyasi, hadi maji yake yatoke. Tunatia unga wa mtama uliokaangwa, tunafunika kwa majani ya mgomba, na siku inayofuata ni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Siku hizi wengi wanatumia mapipa, kwa hiyo obwato mzima hupatikana kwa shida. Huu ulikuwa wa mzee jirani, na mkewe ndiye aliyeutoa. Kwetu mtu akiomba obwato haulizwi wa nini, kama vile aombaye jembe haulizwi analima nini.

Tukachanganya dawa yetu humo. Tukafunika kwa majani ya mgomba, maana ndiyo yaliyokuwa karibu.

Siku ya kuchuja, mzee mwenyewe akapita njiani. Aliona obwato wake umetulia kivulini, umefunikwa vizuri, akatabasamu na kukata kona kuja kwetu.

"Shikamoo, Tata," tukasema.

"Marahaba. Kumbe mmepika, na jirani hamumwiti."

Kabla hatujajibu alikuwa ameshafunua jani na kuinama avute harufu. Alirudi nyuma taratibu, akakaa juu ya rundo la magugu, akifuta macho.

"Waitu, jamani, hiki ni nini?"

"Dawa ya vidukari, Tata," mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mzee akautazama obwato wake. "Ndizi zangu ziko shimoni," akasema.

Hapo sote tukaelewa. Ndizi za rubisi huivishwa kwenye shimo lililotandikwa majani na kutiwa moshi, na zikishaiva hazimngojei mtu, ukichelewa zinaoza. Jumamosi iliyokuwa inakuja alikuwa anamuaga binti yake, na wakwe walikuwa wanatoka Muleba. Kuwapa wakwe soda si kosa, lakini baba anayemtoa binti bila rubisi ya nyumbani kwake husemwa miaka mingi.

Mkewe akafika na kapu lake, akasikiliza, akanusa. "Afadhali," akasema. "Wakwe watakunywa, na hakuna atakayepata vidukari tumboni."

Mzee tu ndiye hakucheka.

Tuliacha kupalilia. Dawa tuliichujia kwenye ndoo za kuazima, na wengine wakaenda kuinyunyizia, maana maharage nayo hayakuwa na muda. Waliobaki tulisugua. Kama utawahi kupatwa na jambo hili, nakueleza tulivyofanya: kwanza mchanga na nyasi kavu, halafu majivu na maji ya moto, kisha maji matupu mpaka yatoke meupe. Baada ya hapo kijana mmoja akaingia na tezo, akakwangua ndani kote, tabaka nyembamba nyembamba, huku mzee akimsimamia kama daktari.

"Usinitobolee."

"Sitoboi, Tata."

"Na usikwangue kama mtu mwenye haraka."

Tukauanika juani, kisha mke wa mzee akaleta mkungu mmoja ulioiva kutoka shimoni ili tujaribie. Tukakamua. Mwenyekiti akachota kwa kibuyu, akanywa, akasema, "Safi kabisa," halafu akakohoa mpaka akashika mti.

"Pilipili inakusalimu," mke wa mzee akamwambia.

Tukamwaga, tukasugua upya, tukakwangua upya, tukaujaza maganda ya ndizi mbivu yakalala humo. Mbao hunywa, kwa hiyo inabidi uinyweshe kitu kingine. Lakini kesho yake ndizi zilikuwa zimeshaanza kulainika kupita kiasi, na hapakuwa na mkungu wa kujaribia. Mzee akasema tukamue zote. Tukaingia na miguu yetu tukiimba, ila sauti zilikuwa chini kidogo kuliko kawaida.

Jumamosi tulikaa nyuma kabisa, sisi wa shambani. Rubisi ikaletwa kwenye kibuyu chenye mrija. Sasa kwetu mgeni hanywi kabla ya mwenyeji kuonja mbele yake, ili ajue kinywaji hakina baya. Mwonjaji huwa ni mwenye nyumba. Mzee akasimama na kibuyu, akawatazama wakwe, kisha akageuka kutafuta mtu kule nyuma.

"Mwenyekiti wa shamba aje aonje. Ndiye anayeujua obwato huu kuliko mimi."

Alikwenda akijifunga kitenge upya, ingawa kilikuwa hakijalegea. Akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Tulimtazama shingoni. Akaachia mrija, akafikiri, akaurudisha mdomoni, akanywa tena, na safari hii hakuonyesha dalili ya kuacha. Mzee, ambaye alikuwa amekunja uso tangu siku ya kuchuja, akaanza kucheka polepole.

"Mama," akasema mkwe mkubwa, akinyoosha mkono, "sisi tumetoka Muleba. Tuachie kidogo."